Kinachokaa Chini ya Zege

Kila mawingu yalipojikusanya upande wa Mbagala, Marselino alitoka nje akasimama kuutazama mteremko wa mbele ya nyumba yake, kama mtu anayemtazama mbwa aliyekwisha kumng'ata. Ulikuwa mteremko mfupi tu, unaoshuka kutoka barabara ya Kilwa mpaka mlangoni kwake, huko Mtoni bondeni. Wakati wa kiangazi watoto wa jirani waliushuka mbio wakiviringisha pete za mapipa. Lakini masika yakiingia, udongo wake mweusi ulivimba, ukalainika, ukawa kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya beseni. Hapo hata mbuzi walitafuta njia nyingine.

Marselino alikuwa Mmakua wa Masasi. Vita vya pili vya dunia vilimkuta kijana, vikampeleka Bama, ng'ambo ya India, na huko aliendesha lori la jeshi kwenye njia zilizochongwa ubavuni mwa milima huku mizinga ikinguruma. Alirudi mzima. Akaja Dar es Salaam, akapata kazi kwa tajiri mmoja wa Kihindi, ya kusambaza sabuni na mafuta ya nazi katika maduka ya Temeke na Mtoni kwa gari dogo la mizigo. Kwa kuwa kazi ilianza alfajiri, tajiri alimruhusu kulala nalo nyumbani. Majirani walimwona mtu aliyefanikiwa. Ana gari mlangoni, ana mke, ana nyumba ya bati. Hawakujua kwamba usingizini alikuwa akisikia magurudumu yakizunguka bila kushika kitu.

Yalianza masika yaliyopita. Filomena mkewe alishikwa na uchungu asubuhi, mimba yao ya kwanza, na mpaka mchana mtoto alikuwa hajageuka. Bi Mauwa, mkunga wa mtaa, mwanamke wa Lindi aliyekwisha kupokea watoto wa nusu ya Mtoni, alitoka chumbani akifuta mikono akasema, "Huyu si wangu tena. Mpeleke hospitali."

Marselino alikuwa amejiandaa, au alidhani hivyo. Mteremkoni alikuwa ametandaza makumbi ya nazi na mchanga, kama wafanyavyo watu, maana havikumgharimu kitu. Gari lilipanda hatua chache, magurudumu yakayatupa makumbi nyuma, likarudi chini kwa kitako. Akajaribu tena. Wanaume wakaja kusukuma, wakapakwa tope mpaka machoni. Walipokata tamaa wakambeba Filomena juu ya kitanda cha kamba, na katikati ya mteremko mmoja wao aliteleza, kitanda kikapinduka, Filomena akaanguka ubavu. Walifika hospitali jua likiwa limeinama. Filomena alipona. Mtoto alitoka amekwisha kufa.

"Mngewahi kidogo tu," daktari alisema, kwa upole, bila kulaumu.

Neno hilo lilimwingia Marselino likakaa. Tangu hapo alilibeba kila alikokwenda. Hakumweleza mkewe, na mkewe hakumwuliza.

Sasa Filomena alikuwa amekaa kibarazani anachagua mchele, akasema bila kuinua uso, "Bi Mauwa amenishika tumbo leo. Anasema nina mimba."

"Alhamdu—" Marselino alianza, maana Mtoni Mkristo na Mwislamu walikuwa wamekwisha kuazimana maneno, kisha akanyamaza. "Atazaliwa lini?"

"Masika."

Alicheka, akamshika bega, akasema yale yanayosemwa. Halafu akaenda kusimama chini ya mteremko, akiutazama.

Dawa ya mteremko alikuwa ameiona zamani bila kuitilia maanani. Katika nyumba za Wazungu njia ya kwenda Msasani, ambako alipeleka sabuni mara moja moja, magari yalipita juu ya mikanda miwili ya zege, mmoja kwa kila upande wa magurudumu, na majani yakiota katikati. Akaenda kwa Albano, mwashi wa Newala aliyekuwa akijenga nyumba mpya za serikali Temeke, akamwomba aje aone.

Albano alikuwa mtu mfupi, mpole, anayesema polepole kama anayepanga matofali. Alichimba shimo dogo mteremkoni kwa jembe, akafinyanga donge la udongo, akalitazama.

"Zege si taabu," alisema. "Taabu ni kinachokaa chini ya zege. Udongo huu ukinywa maji unavimba, ukikauka unanywea. Ukimwaga zege juu yake hivi hivi, masika ya kwanza litavunjika kama kigae."

"Sasa?"

"Tuufukue, tuutupe. Tujaze mawe madogo, tuyashindilie mpaka yakatae kuingia, ndipo zege likae juu. Saruji utamudu?"

"Nimekwisha kuweka akiba ya saruji."

"Basi tutafute mawe ya bei yako."

Wakaanza kutafuta, Jumapili baada ya Jumapili, wakitoka misani. Mwanzo walikwenda Msasani, ambako wavuvi waliuza changarawe ya pwani, vipande vya matumbawe na makombe yaliyooshwa na bahari. Bei yake ilikuwa ndogo ya kuchekesha. Albano alimwaga kikapu kizima chini akakanyaga juu yake kwa kisigino, akazungusha mguu. Changarawe ikatawanyika kila upande kama mtama.

"Duara," alisema. "Hazishikani. Gari likipita juu, zinakimbiana. Na makombe yanasagika."

Jumapili nyingine walikwenda upande wa Chamazi kutazama moramu, ule udongo mwekundu wa kokoto unaotandazwa barabarani. Marselino aliupenda mara alipouona, ulivyokuwa mgumu chini ya miguu. Albano akachukua konzi, akaomba maji kwa mwenye shamba, akausugua kiganjani. Kiganja kikawa chekundu, chenye utelezi.

"Mlimani ungefaa sana. Kwako ni bondeni, maji yanakuja kukaa. Una udongo mwingi ndani yake, utageuka uji."

Marselino aliutazama ule wekundu mkononi mwa mwenzake, akageuza uso. Tumbo la Filomena lilikuwa limekwisha kuonekana chini ya kanga. Kila wiki aliporudi mikono mitupu, alikuta limesogea mbele kidogo, na mbingu ya upande wa Mbagala imekuwa nzito kidogo.

Ndipo walipofika machimbo ya mawe, kaskazini mwa mji, mbali kuliko Msasani. Palikuwa shimo kubwa jeupe, watu ndani yake wakionekana wadogo kama sisimizi, na mashine ya kusagia mawe ikitoa kelele za kutoboa masikio. Nyapara wa pale aliitwa Gaudens, Mhaya mrefu aliyevaa kofia ya jeshi iliyochujuka. Alikuwa bado anawasalimu wakati kengele ilipogongwa na watu wote wakaanza kukimbia. Marselino hakuelewa. Kisha baruti ikalipuka, ardhi ikaruka chini yake, naye akajikuta amelala kifudifudi kwenye vumbi, mikono juu ya kichwa, mdomo umejaa chokaa.

Wapasua mawe walicheka. Gaudens hakucheka. Alimnyoshea mkono akamwinua, akamkung'uta bega.

"Bama?" aliuliza.

"Bama."

"Mie pia. Siku za mwanzo hapa nilikuwa nalala chini kila ilipolia." Akamkalisha kivulini, akampa maji, wala hakulitaja tena.

Kulikuwa na marundo ya namna mbili. La kwanza lilikuwa kokoto safi zilizochekechwa, za ukubwa mmoja, zenye kung'aa, na bei yake ilipita mfuko wa Marselino. La pili lilikuwa pembeni, rundo la kijivu lisilopendeza, vipande vikubwa kwa vidogo vimechanganyika na vumbi la mawe.

"Hayo yanatoka mashineni moja kwa moja, hayajapita kwenye chekeche," Gaudens alieleza. "Wajenzi hawayataki kwenye zege. Ukiyahitaji, ni nafuu. Ila chukua ya upande huu. Yale ya kule nyuma yamezolewa pamoja na udongo."

Albano alichuchumaa, akachota, akakamua konzi kwa nguvu, akafungua mkono. Yale mawe yalibaki yameshikana kama andazi.

"Haya ndiyo," alisema. "Makubwa yanabeba, madogo yanaziba, vumbi linafunga. Kwa chini ya zege mie nayapenda kuliko zile safi."

Ilikuwa habari njema, lakini Marselino hakuifurahia. Safari nzima ya kurudi alikuwa akiyaona makumbi ya nazi yakiruka nyuma ya magurudumu. Alikuwa amechagua kitu rahisi mara moja, na alijua kilimfikisha wapi. Jioni alimwambia mkewe kwamba atanunua kokoto safi.

Filomena alikuwa akisuka ukili. "Zitatosha mteremko wote?"

"Hazitoshi. Zitafika katikati. Tutaanzia juu, barabarani. Huku chini tutangoja mwakani."

"Na fundi anasemaje?"

"Anasema yale mengine ni bora. Lakini ni masalia, Filomena. Ni vitu vilivyotupwa. Mie sitakuweka tena juu ya vitu vilivyotupwa."

Mkewe aliuweka ukili chini. Akatazama mlangoni, kule mteremko ulikoishia, penye tope kila mwaka.

"Nusu ya njia itanifikisha nusu ya hospitali," alisema. "Fundi ameyashika kwa mkono wake. Wewe umeyashika?"

Hakuwa ameyashika. Alikuwa amekaa kivulini, akinywa maji ya watu.

Asubuhi alimwambia Albano waagize lile rundo la kijivu.

Lori la kukodi lilimwaga mawe juu barabarani, na kazi ikaanza. Marselino aliomba ruhusa kwa tajiri, akaliacha gari juu, ubavuni mwa duka la jirani, akashika sururu. Waliufukua udongo mweusi katika mikanda miwili, mmoja kwa kila upande wa magurudumu, mpaka wakafika penye mchanga mgumu. Wakajaza mawe tabaka jembamba, wakanyunyiza maji, wakashindilia kwa gogo lenye mishikio miwili, mmoja huku mwingine huku, mpaka gogo likaanza kuruka lenyewe na mlio wake kubadilika. Kisha tabaka jingine. Viganja vya Marselino vilichubuka. Kila Albano aliposema panatosha, yeye aliendelea.

"Utapasua dunia," Albano alimwambia.

"Bado nasikia pamelegea."

"Pamelegea kichwani mwako, ndugu yangu. Hapa ni jabali."

Chini kabisa, karibu na mlango, mawe yaliwaishia. Hapakuwa na muda wa kuagiza mengine, maana mawingu yalikuwa yanaingia mapema. Wakajazia kipande kile kwa moramu aliyotoa jirani mmoja. Albano hakufurahi, na Marselino aliona kwamba hakufurahi. Usiku huo hakulala, na uliofuata pia.

Mvua ya kwanza ilishuka kabla zege halijamwagwa. Marselino alisimama chini yake bila mwavuli, akiangalia maji yakiteremka juu ya ile mikanda miwili ya kijivu. Pembeni udongo mweusi ulikuwa umeanza kuchuruzika. Kwenye mikanda maji yalipita yakiwa safi. Aliinama akabonyeza kwa kidole gumba, kidole kikakataa kuingia. Alibonyeza tena mahali pengine, na pengine, kama daktari anayetafuta penye maumivu.

Mvua ilipokatika wakamwaga zege, wakalisawazisha, wakalifunika kwa magunia mabichi. Albano alimwonya kwamba watu wanaweza kukanyaga baada ya siku kadhaa, ila gari lisiguse mpaka mwezi uandame upya. "Likipita mapema, kazi yote imekwenda."

Filomena akashikwa na uchungu kabla wiki haijaisha.

Ilikuwa mchana, mvua inanyesha kama iliyotumwa. Mimba ilikuwa haijatimiza miezi yake. Marselino alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Temeke, gari limesimama juu barabarani, yeye anashuka kwa miguu, akamwona Bi Mauwa amesimama mlangoni akimngoja. Uso wake tu ulimtosha.

"Shikamoo, Bi Mauwa."

"Marahaba, mwanangu. Damu imetangulia. Twende naye sasa hivi."

Marselino aligeuka akaanza kupanda mbio. Alikuwa amekwisha kufungua mlango wa gari, ufunguo mkononi, wakati Albano, aliyekuwa amekuja kulowesha magunia akakutwa na mvua, alipomshika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Kulishusha gari."

"Zege halijakauka."

"Na livunjike."

"Sikuhurumii zege, Marselino. Nakwambia likivunjika chini ya gurudumu gari litalala upande, litaziba njia, na mke wako yuko chini. Ndivyo unavyotaka?"

Marselino alisimama na ufunguo wake. Mvua ilikuwa ikimwingia machoni. Kwa mara nyingine alisikia magurudumu yakizunguka, ingawa gari lilikuwa limezimwa. Hakuweza kwenda mbele wala kurudi, na baadaye katika maisha yake, alipojaribu kueleza hofu ni kitu gani, alisema ni pale, mkono kwenye mlango wa gari, kujua kwamba lolote utakalofanya huenda ndilo litakaloua.

Sauti ya Bi Mauwa ndiyo iliyomrudisha. Alikuwa amekwisha kuwaita wanaume wawili wa jirani, na kitanda cha kamba kimetolewa nje.

"Nyie mnabishana nini huko? Njia mmeitengeneza ya nini? Pitieni juu yake kwa miguu."

Albano akatazama mikanda, akatazama kitanda. Akayavuta magunia akayatupa pembeni. Ilikuwa dhahiri sasa, mikanda ile ilipimwa kwa magurudumu ya gari, na kitanda cha Filomena kilikuwa na upana karibu huohuo.

Wakashuka, wakamlaza Filomena, wakamfunika turubai. Marselino na Albano wakashika mbele, mmoja mkanda huu, mwingine mkanda ule, na majirani nyuma vivyo hivyo. Kati yao na pembeni yao tope jeusi lilikuwa likitembea, lakini chini ya nyayo zao kulikuwa kugumu. Kwenye kipande cha kwanza, karibu na mlango, Marselino alihisi kitu kikinong'ona chini ya kisigino, kama kigae kinapoanza kupasuka, na moyo ukasimama. Hakusimama yeye. Hatua iliyofuata ilikuwa jabali, na nyingine, na nyingine. Hakutazama mahali alipoteleza yule mtu mwaka jana. Alitazama vidole vya miguu yake vikishika saruji iliyokwaruza, akaomba kwa Kimakua maneno aliyofundishwa na mama yake, ambayo hakuwa ameyatumia tangu Bama.

Nyuma yake Filomena hakutoa sauti. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Filomena."

"Nipo," akasema, kwa mbali sana. "Endelea."

Walifika juu bila mguu hata mmoja kuteleza. Wakamwingiza garini kati ya mapipa ya mafuta, Bi Mauwa akakaa naye, na Marselino akaendesha mpaka mjini.

Hospitali walimpasua. Marselino alikaa ukumbini na nguo zake zinachuruzika maji, akifuatisha kwa macho kila mlango uliofunguka. Nesi mmoja alipita akiwa amebeba beseni lililofunikwa, akamkwepa macho, naye akaamua kwamba yamekwisha. Alianza kupanga jinsi atakavyopeleka habari Masasi. Aliyatafuta maneno, akayapata, akayarudia kimoyomoyo. Alikuwa bado anayarudia yule nesi alipomgusa bega na kumwambia kwamba ana binti, mdogo sana, lakini analia, na mama yake yu hai.

Hakuinuka. Alimwomba nesi aseme tena.

Walikaa hospitali muda mrefu, mama na mtoto, mpaka mwezi ukaandama na kuisha. Mtoto wakamwita Tekla. Siku moja, akiwa peke yake, Marselino alilishusha gari kwa mara ya kwanza, akiwa amepakia mapipa yaliyojaa ili apime. Alishuka kwa mwendo wa kinyonga, kichwa nje ya dirisha. Mikanda ilibeba. Chini tu, pale penye moramu, zege lilikuwa na ufa wa upana wa kucha, na upande mmoja ulikuwa umezama kidogo. Albano alikuja, akauchungulia, akasema watapafukua kiangazi na kuweka mawe yanayostahili.

Siku ya kuwaleta nyumbani hapakuwa na mvua. Marselino alikuwa amelipangusa gari, ametandika mkeka mpya nyuma. Walipofika juu ya mteremko, akapunguza mwendo ili akate kona.

"Nishushe hapa," Filomena alisema.

"Zege limekauka. Nimekwisha kupita nalo na mzigo."

"Najua. Albano alikuja kuniona, aliniambia. Nishushe tu."

Alisimamisha gari akamgeukia. Filomena alikuwa amemkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili.

"Naogopa hapa," alisema. "Tangu mwaka jana naogopa. Kila nikipita kwenda sokoni nafumba macho."

Marselino alikuwa ameishi naye nyumba moja, amelala naye kitanda kimoja, na kwa muda wote ule hofu hiyo aliichukua kuwa yake peke yake. Hakuwahi kumwuliza. Akazima gari, akazunguka, akamfungulia mlango, akachukua furushi la nguo.

Wakashuka kwa miguu, yeye kwenye mkanda mmoja na mkewe kwenye mwingine, majani machanga yakiwa yameanza kuota katikati. Filomena alikwenda polepole kwa sababu ya mshono. Hakufumba macho.

"Haya ndiyo yale masalia?" aliuliza walipofika kati.

"Ndiyo. Yako chini."

"Nilidhani yatakuwa yanasikika mguuni."

"Hayasikiki."

Chini karibu na mlango aliuona ufa, akasimama. Marselino akamwambia ni mahali walipopungukiwa mawe, na patatengenezwa. Akamnyoshea mkono avuke. Filomena akaushika, akavuka, na Tekla akaamka akaanza kulia kwa njaa, wote wawili wakaongeza mwendo.